Saa 11 za mahojiano, filamu ya dakika 20: nichagueje?

Swali: Ninahariri filamu ya maisha halisi kuhusu wauguzi wa zamu ya usiku. Nimewahoji wauguzi 9, kila mmoja kwa kamera 2, na kwa jumla nina karibu saa 11 za mahojiano. Filamu inatakiwa iwe ya dakika 20. Nimejaribu mara mbili kuyakata, na mara zote nimeishia na taimlaini (mstari wa kupangia vipande kwenye programu ya uhariri) ya saa 4 ambayo siwezi kuipunguza, kwa sababu kila mtu amesema jambo zuri. Watatu kati yao wamesema karibu jambo lilelile. Mmoja, ambaye ni mkubwa wao kwa umri, alizungumza saa 2 nzima na sijapata pa kumweka. Nipangeje vitu hivi, na nichagueje?

Jibu: Kilichokukwamisha kimo ndani ya swali lako: kila mtu amesema jambo zuri. Sina shaka wamesema. Lakini ukichagua kwa kujiuliza "je, hiki ni kizuri?", utaishia kwenye saa 4 leo, kesho na mwezi ujao, kwa sababu wauguzi 9 wenye uzoefu wakikaa mbele ya kamera hawakosi mazuri ya saa 4. Jiulize jingine: kipande hiki kitafanya kazi gani kikikaa baada ya kile na kabla ya kile? Swali hilo huwezi kulijibu wakati mahojiano bado yamelala kwa majina ya watu, muuguzi wa kwanza hadi wa tisa. Ni lazima uyatoe kwa watu, uyapange kwa mambo yanayosemwa. Karibu yote nitakayokuandikia hapa ni maandalizi ya hatua hiyo moja au matokeo yake.

Tufanye hesabu kwanza, ili ukate bila kujilaumu. Mtu akizungumza kwa utulivu hutamka kama maneno 100 hadi 150 kwa dakika. Saa 11 ni dakika 660, yaani maneno kati ya 66,000 na 99,000. Hicho ni kitabu. Filamu ya dakika 20 nayo haijazwi maneno mwanzo hadi mwisho. Inataka ipumue, inataka korido tupu, mikono inayonawa, magurudumu ya kitanda kinachosukumwa. Ukiwa na dakika 13 za watu kuzungumza, zinatosha. Hayo ni maneno 1,300 hadi 2,000 hivi. Kwa hiyo katika kila maneno 100 uliyorekodi, 98 yatabaki nje, na mengi kati ya hayo 98 ni mazuri. Kuacha mazuri ndiyo kazi yenyewe.

Upande wa mafaili nitapita haraka, ila usiuruke. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Saa 11 kwa kamera 2 zinakaribia gigabaiti 990, na hapo sauti bado. Weka nakala 3: mbili kwenye diski mbili tofauti, na ya tatu ikae jengo jingine kabisa. Nakili kadi ya kamera nzima kama ilivyo, pamoja na vile vifolda ambavyo huvielewi, na usibadilishe majina ya mafaili ndani yake. Badilisha jina la folda ya juu tu. Mimi huandika namba ya mhojiwa, kisha kamera, kisha kadi: M04_KAM-A_02. Namba hiyo ya M04 ndiyo itakayomfuata yule muuguzi kila mahali, kwenye maandishi, kwenye kadi za karatasi, kwenye taimlaini, mpaka mwisho.

Kisha oanisha kamera zote mbili na sauti ya kinasa, yaani ziende sawa kwa wakati, kabla hujachagua hata sekunde moja. Wengi huchagua kwanza, wakidhani watashughulika na sauti ya vile vilivyoteuliwa tu, halafu wanajikuta wanaoanisha vipande 200 badala ya mahojiano 9. Kama kompyuta yako inasuasua, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za picha za kufanyia kazi. Kompyuta ikikwama kila ukirudi nyuma kusikiliza tena, utaacha kurudi nyuma, na uchaguzi wako utaharibika bila wewe kujua.

Sasa keti usikilize. Najua ulikuwepo siku ya kurekodi. Hiyo ndiyo sababu inayokulazimu usikilize upya: siku ile ulikuwa unawaza betri, taa, swali linalofuata, na mtu aliyefungua mlango. Sikiliza kila mahojiano tangu mwanzo hadi mwisho kwa kamera moja tu, bila kusimamisha, ukiwa na daftari na kalamu. Usiandike wanachosema, maandishi yatakuja. Andika dakika ambazo wewe mwenyewe ulibadilika: ulicheka, uliinama kuelekea skrini, uliogopa, uliacha kuandika. Mahojiano mawili kwa siku yanatosha. Ya tatu utayasikiliza kwa masikio yaliyochoka, na kipande kizuri kitapita.

Usikilizaji huu wa kwanza haurudiwi. Ukishamsikia mtu mara 5, huwezi tena kumsikia kama atakavyomsikia mtazamaji wako, ambaye atamsikia mara moja. Daftari la siku ya kwanza ndilo litakalokukumbusha ulikuwa nani kabla hujazoea.

Niliwahi kuhariri mahojiano ya mama mmoja aliyeulizwa mtoto wake wa kwanza alizaliwa wapi. Alijibu, "Nyumbani." Akanyamaza. Akashika ukingo wa kitambaa cha meza, akaukunja mara moja, akaukunja tena, akaulainisha kwa kiganja, kisha akasema, "Tuendelee." Kwenye maandishi, jibu lile lilikuwa maneno mawili, na nilipoyasoma wiki mbili baadaye sikuona kitu. Lakini kwenye daftari langu kulikuwa na mstari mmoja, "kitambaa, 00:41". Nikarudi kuangalia. Sekunde zile 9 ndizo zilizofungua filamu, na hakuna programu ya kugeuza mazungumzo kuwa maandishi ambayo ingenionyesha.

Nasema hivi si kwa kuyadharau maandishi. Unayahitaji, mtu hawezi kubeba saa 11 kichwani. Tangu programu ya Whisper ya kampuni ya OpenAI ilipotolewa mwaka 2022, kugeuza mazungumzo kuwa maandishi kumekuwa kazi ya kompyuta yako mwenyewe, bila intaneti. Programu za uhariri kama Premiere Pro na toleo la kulipia la DaVinci Resolve nazo zilipata unukuzi wa ndani, na uhariri kwa kupitia maandishi ukaingia kwenye programu hizo mwaka 2023. Kabla hujategemea chochote, jaribu dakika 5 za mahojiano yako uone programu yako inaufahamu kiasi gani usemi wa wahojiwa wako. Kwa upande wako kunukuu bila kutuma faili popote kuna maana ya ziada. Wauguzi wanataja wagonjwa. Mahojiano ya namna hiyo usiyapandishe kwenye huduma ya mtandaoni usiyoijua masharti yake.

Ila maandishi ya mashine yana tabia mbili za kuziangalia. Ya kwanza, yanasafisha: "yaani", "eeh", neno lililorudiwa mara tatu, mara nyingi huachwa, kwa hiyo sentensi inaonekana imenyooka kwenye karatasi, na ukiifungua kwa sauti unakuta imejaa mashimo. Ya pili, mahali penye ukimya mrefu au kelele, mashine wakati mwingine huandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kwa hiyo usiteue kipande kwa kukisoma tu. Kisome, kisha kisikilize, ndipo ukiteue. Na hakikisha kila aya ya maandishi ina taimukodi, yaani saa, dakika na sekunde iliposemwa, la sivyo utatumia jioni nzima kutafuta sentensi ambayo unaikumbuka vizuri kabisa.

Hapa ndipo tunafika kwenye uchaguzi wenyewe, na nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu lugha yetu inakupa kipimo ambacho wahariri wengi hawakitumii. Sikiliza viambishi vya vitenzi.

Mtu akisema, "Zamu ya usiku huwa inachosha, tunajitahidi hivyo hivyo," amesema kweli, na mtazamaji ameshasahau. Mwingine akisema, "Usiku ule nilikaa kwenye ngazi, nikavua viatu, nikasema nitahesabu mpaka 10 nirudi wodini, nikahesabu mpaka 100," umemwona. "Hu-" na "huwa" ni muhtasari wa maisha. "-Li-" inaanza tukio, na "-ka-" zikianza kufuatana, nikasimama, nikafungua, akaniambia, ujue kisa kinatembea na mtu anakiona tena mbele yake. Pitia maandishi yako na kalamu ya rangi, upige mstari kila mahali "-ka-" zinapofululiza tatu au zaidi. Ukimaliza utakuwa umeona visa vyako karibu vyote, na utashangazwa na jambo jingine: sehemu kubwa ya zile saa 4 zako ni "huwa". Wahojiwa wako walikueleza kazi yao kwa heshima na kwa ufasaha, lakini kwa ujumla. Maelezo ya ujumla yanaweza kuchukuliwa na picha, au na mstari mmoja wa maandishi kwenye skrini. Kisa hakina wa kukibadilisha.

Usitupe "huwa" zote. Filamu inahitaji chache, hasa mtu anapofikia hitimisho ambalo kisa peke yake hakilisemi. Ila ziwe chache, na zije baada ya kisa, wakati mtazamaji ana sababu ya kuzisikiliza.

Viambishi vya vitenzi vitakupa na taabu. Kwenye Kiswahili mtendaji hujificha ndani ya kitenzi. "Kilizimika saa 9 usiku, nikabaki nimekishika" ni sentensi nzuri ajabu, lakini ukiikata kutoka kwenye jibu lake, nani atajua ni kifaa gani kilichozimika? Muuguzi alikitaja dakika mbili kabla, au ni wewe uliyekitaja kwenye swali. "Alikuja akakaa pale mlangoni": nani? Daktari, mgonjwa, mama wa mtoto? Kwa hiyo ukiteua kipande, soma neno lake la kwanza kama mtu asiyejua lolote. Kikianza na kiambishi kisicho na mwenyewe, tafuta moja kati ya mambo mawili: mahali pengine alipotaja kitu hicho kwa jina kwa sauti ya namna ileile, au kipande cha mtu mwingine kinachokitaja, ukitangulize. Usiunganishe bila kusikiliza upatanisho. "Mashine" ya mtu mmoja haiwezi kufuatwa na "kilizimika" ya mwingine. Sikio la Mswahili litashtuka hata kama macho hayajaona mkato. Na ukienda kurekodi tena, waombe wahojiwa wako wayaingize maneno ya swali ndani ya jibu. Ombi dogo kama hilo huokoa siku nzima za kuhariri.

Ukishateua, ondoka kwenye majina ya watu. Andika kila kipande kilichoteuliwa kwenye kadi ya karatasi: namba ya mhojiwa, taimukodi, maneno 5 au 6 ya kukumbushia, na urefu wake kwa sekunde. M04, 00:37:12, "nikahesabu mpaka 100", 48. Tandaza kadi zote mezani au sakafuni. Halafu anza kuzikusanya kwa mambo, na mambo yenyewe yatoke kwenye kadi; yasitoke kwenye orodha ya maswali uliyokwenda nayo. Uliuliza kuhusu mshahara, familia na changamoto. Wao huenda walizungumza kuhusu saa 9 usiku, kuhusu kifo cha kwanza walichokishuhudia, kuhusu kulala mchana huku watoto wakicheza nje ya dirisha, kuhusu kuamua jambo wakati hakuna daktari wa kumuuliza. Hayo ndiyo majina ya mafungu yako. Fungu likiitwa "changamoto", livunje, maana jina hilo linabeba kila kitu. Fungu likiitwa "saa 9 usiku", unajua mara moja kadi ipi ni yake na ipi si yake.

Katika enzi ya filamu za utepe, wahariri walikuwa wakitundika vipande kwenye vijimisumari juu ya pipa lililotandikwa kitambaa, kila kipande na mahali pake, na walipotafuta picha walisimama wakaangalia vyote kwa jicho moja. Programu nyingi za uhariri bado huyaita makabati yao ya ndani kwa jina la lile pipa, "bin". Kadi zako zinakurudishia kile ambacho kompyuta iliondoa: kuona mali yako yote kwa pamoja. Kama huna nafasi ya kadi, jedwali la kompyuta litafaa, lakini najua watu wengi waliotengeneza jedwali zuri wasilifungue tena.

Ndani ya programu fanya vivyo hivyo. Kila fungu lipate taimlaini yake, yenye vipande vya watu wote waliolizungumzia, vimefuatana bila ustadi wowote. Kila mhojiwa mpe rangi yake, ili ukitazama fungu ujue papo hapo nani anatawala na nani hayupo. Kipande kinachofaa mafungu mawili kiweke kote kuwili. Uamuzi utakuja baadaye. Na zile saa 4 ulizonazo zihifadhi, usizifute, ila usizifungue. Anza upya kutoka kwenye mafungu.

Sasa hao watatu waliosema jambo lilelile. Hao ni zawadi, kwa sababu ni hapo tu unapoweza kulinganisha. Waweke wakifuatana, fumba macho, usikilize. Usimtafute aliyesema kwa ufasaha zaidi. Mtafute ambaye jambo hilo linamgharimu akilisema, ambaye sauti yake inapungua, ambaye anatafuta neno na kulikosa. Kisha fumbua macho urudie. Mara nyingine uso unakanusha kile sikio lilichokuwa limekubali. Baada ya hapo tazama ramani ya rangi: kama unayempenda tayari anabeba mafungu matatu mengine, mpe mwenzake fungu hili, hata akiwa nyuma yake kidogo. Mtazamaji anahitaji kukutana na kila mtu mara mbili au tatu ili amkumbuke, na mtu anayetokea mara moja tu kwenye dakika ya 14 anakuwa mgeni aliyepotea njia.

Iko njia nyingine: watatu wote, kila mmoja sentensi moja fupi, moja baada ya nyingine. Hiyo inasema "hili si la mtu mmoja", na inasema kwa sekunde 12. Itumie mara moja kwenye filamu nzima. Mara ya pili inakuwa mtindo, na mtazamaji anaanza kuuona mkono wako.

Unapoanza kuunganisha mafungu, fanya kwa sauti tu. Usiweke picha ya kufunikia, yaani picha nyingine juu ya mtu anayezungumza, hata moja. Picha za kufunikia zinaficha mkato mbaya, na wakati huu unataka kuuona kila mkato mbaya. Geuza kiti, usitazame skrini, sikiliza kama kipindi cha redio. Ukipoteza uzi, mtazamaji ataupoteza pia, hata ukimwekea korido nzuri kiasi gani. Usijaribu kutoka saa 4 kwenda dakika 20 kwa mruko mmoja. Mafungu yako yakiunganishwa yatakuwa labda dakika 70. Nakili taimlaini, punguza hadi 45. Nakili tena, fika 30. Kila nakala ipe tarehe, maana utataka kurudi kuchukua kitu ulichokitoa, na bila zile nakala utakuwa unakitafuta kwa kumbukumbu.

Hatua ya kutoka 30 kwenda 20 ndiyo inayouma, kwa sababu hapo unaondoa mafungu mazima. Vipande vimeshakuwa vifupi. Ukiendelea kunyoa sekunde mbili hapa na tatu pale, filamu itakuwa ya watu wanaokimbizwa. Ni bora mambo manne yaliyopewa nafasi kuliko saba yaliyobanwa. Mimi huandika sentensi moja kwenye karatasi, kwa mfano "Usiku, muuguzi anaamua peke yake", nikaibandika juu ya skrini, na kila fungu lijitetee mbele ya sentensi hiyo. Fungu la kulala mchana huenda ni zuri kuliko yote na bado likakosa la kujibu.

Neno kuhusu kukata kwenyewe. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na wasemaji wengi huilegeza irabu hiyo ya mwisho mpaka inakaribia kuwa pumzi. Ukikata pale mchoro wa sauti unapoonekana umekwisha, mara nyingi umeila irabu. Sogeza mkato mbele fremu, yaani picha moja moja za video, 2 au 3. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni milisekunde 40, na hizo chache ndizo zinazofanya neno limalizike. Acha pumzi inayotangulia sentensi, maana mtu asiyevuta pumzi husikika kama amekatwa kisu. Usikate mtu sauti yake ikiwa imepanda, kama anayehesabu vitu ambavyo havijaisha. Tafuta pale inaposhuka. Na kama ulirekodi sekunde 30 za ukimya wa kila chumba, ziweke chini ya mikato yote. Kama hukurekodi, zitafute katikati ya maswali, wakati mhojiwa anawaza. Huwa zipo.

Kuna mpaka mmoja ambao nakuomba usiuvuke hata kama hakuna atakayegundua. Ukiunganisha nusu ya sentensi ya dakika ya 10 na nusu ya dakika ya 50, unaweza kumfanya mtu aseme jambo ambalo hakulisema. Kwa lugha yetu hatari ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ukanushi wetu mara nyingi ni silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi: "hatukuwaacha" ikikosa silabi yake ya kwanza si kauli ileile tena. Vivyo hivyo "wakati mwingine", "ingawa" na "nadhani", ambayo ni maneno ya kwanza kutolewa mtu anapobana muda, ndiyo yanayoshikilia ukweli wa sentensi. Kipimo changu ni kumweka mhojiwa kwenye kiti cha pembeni, kwa mawazo. Akisikia kipande hiki, atasema "ndiyo, nilisema hivyo"? Nikisita, nakirudisha kama kilivyokuwa. Wauguzi wako wana kazi na leseni za kulinda, na wagonjwa wao wana siri. Jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa usio wa kawaida, vyote vikiwa kwenye kipande kimoja vinaweza kumtambulisha mtu asiyejua hata kwamba filamu ipo.

Namalizia na mzee wako wa saa 2. Nadhani hujapata pa kumweka kwa sababu unatafuta pa kumweka yeye, mtu mzima mzima, na saa zake 2 na heshima yake. Mvunje kwenye kadi kama wenzake. Wazee waliokaa kazini miaka mingi huwa na "huwa" nyingi kuliko wote, kwa kuwa wameona kitu kilekile mara elfu na wamekifupisha kuwa fundisho. Lakini ndani ya saa 2 kutakuwa na mahali, mara nyingi baada ya dakika ya 70, alipochoka kufundisha akaanza kukumbuka. Tafuta "-ka-" zake. Pia angalia dakika chache za mwisho, pale uliposema "asante, tumemaliza" na kamera ikawa bado inarekodi. Nimeshapata mahali hapo maneno ambayo saa nzima iliyotangulia haikuyatoa, ingawa ukiyapata ni lazima umuulize mwenyewe kama anaridhia yatumike, kwa sababu aliamini mahojiano yamekwisha.

Huenda utakuta sekunde 40, na zikatosha kuifunga filamu yako. Huenda usikute kitu kinachojibu ile sentensi ya kwenye karatasi. Ikiwa hivyo, mtoe, na umpigie simu wewe mwenyewe kabla ya onyesho la kwanza, asije akaketi na wajukuu wake akisubiri kujiona. Mweleze kwamba mazungumzo yake ndiyo yaliyokufundisha cha kuwauliza wale wengine 8, kama ni kweli, na nina imani ni kweli. Mpe mahojiano yake yote, saa zote 2, kwenye diski au namna anayoweza kuyafungua. Familia yake itayahitaji zaidi kuliko filamu yako.